Sanamu ndogo za kuchezea zinavyogeuzwa kuwa picha zenye uzito

KUPIGA picha sanamu ndogo za kuchezea, wakiwamo askari wa plastiki, wanasesere na watu wadogo wanaotoshea kiganjani, ni tawi la sanaa ya upigaji picha ambalo kwa muda mrefu lilichukuliwa kuwa mzaha wa watoto. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 50 sasa picha za aina hiyo zimetundikwa katika majumba ya sanaa, zimechapishwa vitabuni, zimefika mahakamani na zimewasaidia watu kusimulia maumivu ambayo vinywa vyao havikuweza kuyatamka.

Kinachoitenganisha picha ya kawaida ya kichezeo na picha inayomsimamisha mtazamaji si bei ya kamera wala ubora wa sanamu. Ni mahali ambapo jicho la mpiga picha limewekwa. Mtu mzima akisimama na kukitazama kichezeo kilichoko sakafuni, huona kichezeo. Akilala kifudifudi na kukitazama kwa usawa wa macho yake, huanza kuona mtu, barabara na jambo linalotaka kutokea.

Kamera haijui ukubwa

Msingi wa sanaa hii ni ukweli mmoja rahisi: kamera hunasa umbo, rangi na mwanga, lakini hainasi ukubwa. Ukubwa hukisiwa na mtazamaji kwa kutumia dalili zilizomo ndani ya picha, kama vile urefu wa upeo wa macho, vitu vilivyo jirani, ukali wa vivuli, na sehemu ya picha inayoonekana wazi ikilinganishwa na ile yenye ukungu. Anayezimiliki dalili hizo anaweza kukifanya kitu cha sentimita nne kionekane na kimo cha mtu.

Mfano mashuhuri ni wa Aprili 21, 1934, ambapo gazeti la Daily Mail la Uingereza lilichapisha picha ya kiumbe mwenye shingo ndefu akiibuka majini katika ziwa Loch Ness, Scotland. Picha hiyo ilihusishwa na daktari wa London, Robert Kenneth Wilson, na kwa takriban miaka 60 ilitajwa na wengi kama ushahidi wa kuwapo kwa jitu la majini.

Mwaka 1994 ilifichuliwa kwamba jitu hilo lilikuwa nyambizi ya kuchezea iliyofungwa kichwa na shingo za bandia. Picha iliyojulikana zaidi ilikuwa imepunguzwa kingo zake. Katika picha kamili, viwimbi vinavyoizunguka shingo ile vinaonekana vikubwa mno kwa mnyama anayedhaniwa kuwa jitu. Maji yalikuwa yameutaja ukubwa halisi wa kitu hicho tangu siku ya kwanza, ila waliotazama hawakuwa wakiyatazama maji.

Kanuni hiyo hufanya kazi kinyume chake pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpiga picha wa Italia, Olivo Barbieri, alianza kupiga miji halisi akiwa ndani ya helikopta, kwa lenzi inayoweza kuinamishwa ili sehemu nyembamba tu ya picha ionekane wazi. Miji mikubwa yenye watu na magari ya kweli ikaonekana kama vichezeo vilivyopangwa mezani. Hakuna kilichopunguzwa, ni dalili tu zilizobadilishwa.

Waliofungua njia

Miongoni mwa waasisi wa sanaa hii ni Mmarekani David Levinthal, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, alianza kuwapiga picha askari wa kuchezea. Mwaka 1977 yeye na mchora katuni Garry Trudeau walitoa kitabu Hitler Moves East, kinachohusu vita vya Ujerumani dhidi ya Urusi ya Kisovyeti kati ya mwaka 1941 na 1943.

Picha zilizomo ni za vichezeo vitupu, lakini ukungu, moshi na rangi yake iliyofifia ziliwafanya baadhi ya watazamaji wadhani zimetoka katika hifadhi za kumbukumbu za vita. Kitabu hicho kiliibua swali ambalo halijapoteza nguvu: iwapo askari wa plastiki anaweza kuonekana kama askari wa kweli, mtazamaji anaziamini picha za vita kwa sababu gani?

Wakati huohuo, mwaka 1976, msanii mwingine wa Marekani, Laurie Simmons, alianza kupiga picha ndani ya nyumba ndogo za wanasesere. Mhusika wake mkuu alikuwa mwanamke mdogo wa plastiki aliye peke yake jikoni, mezani au bafuni. Kila kitu kimo mahali pake, vyombo vimepangwa, na bado mtazamaji huhisi upweke. Simmons alionyesha kwamba sanamu isiyoweza kubadilisha sura inaweza kubeba hisia, kwa kuwa mtazamaji huzitia mwenyewe kutokana na namna chumba kilivyopangwa na mwanga ulivyoanguka.

Mitaani na mezani

Tangu kamera za dijitali zilipoenea, sanaa hii imepata wafuasi wengi duniani. Mwaka 2006 msanii wa Uingereza anayejulikana kwa jina la Slinkachu alianza kuziweka sanamu za watu wa treni za kuchezea katika mitaa ya London, kuzipiga picha na kisha kuziacha hapohapo. Sanamu za aina hiyo, zinazotumiwa sana na wapenzi wa treni ndogo, mara nyingi huundwa kwa kipimo cha moja kwa 87. Kwa kipimo hicho, mtu mwenye kimo cha mita 1.75 huwa na sentimita mbili tu.

Slinkachu hutoa picha mbili kwa kila tukio. Ya kwanza hupigwa kwa karibu, na ndani yake dimbwi dogo huwa ziwa na kipande cha taka huwa kisiwa. Ya pili hupigwa kwa mbali, ikionyesha barabara nzima ambayo ndani yake yule mtu haonekani kabisa au huonekana kama chembe. Picha hizo mbili zikitazamwa pamoja huzungumzia maisha ya mji mkubwa, ambamo mtu anaweza kuwa na msiba mzima katika pembe ambayo wapita njia hawaioni.

Nchini Japani, Tatsuya Tanaka amekuwa akitoa picha moja kila siku tangu Aprili 20, 2011, katika mradi wake wa kalenda ya vitu vidogo. Yeye hutumia vitu vya nyumbani badala ya mandhari ya kutengeneza: brokoli huwa msitu na mkate huwa mlima. Siri yake ni kutazama umbo la kitu na kusahau kwa muda kazi yake ya kila siku.

Naye Michael Paul Smith wa Marekani, aliyefariki mwaka 2018, aliunda mji wa kubuni alioupa jina la Elgin Park kutokana na kumbukumbu za utoto wake katika jimbo la Pennsylvania. Alitumia magari ya kuchezea ya kipimo cha moja kwa 24 na majengo aliyoyaunda kwa mikono. Alivipanga juu ya meza, akaiweka meza hiyo nje mbele ya miti na nyumba za kweli, kisha akapiga picha kutoka mahali ambapo ukingo wa meza uliungana na barabara halisi iliyokuwa mbali nyuma yake. Wengi waliamini kwamba walikuwa wakitazama picha za kweli za miaka ya 1950, ilhali alitumia kamera ndogo ya kawaida.

Mambo ya kuzingatia

La kwanza ni usawa wa macho. Sanamu ndogo ya Lego, ambayo umbo lake la sasa lilianza kuuzwa mwaka 1978, ina urefu wa takriban sentimita nne. Lenzi inapaswa kushuka hadi kimo hicho au chini yake. Kwa anayetumia simu ya mkononi, njia rahisi ni kuigeuza simu juu chini, ili lenzi ambayo kwa kawaida huwa juu ikae karibu kabisa na ardhi. Picha hugeuzwa baadaye.

La pili ni sehemu inayoonekana wazi. Kadiri kamera inavyokisogelea kitu, ndivyo sehemu hiyo inavyokuwa nyembamba, na hupungua kwa kasi kuliko umbali wenyewe. Kwa kamera ya kihisio cha milimita 36 kwa 24, yenye lenzi ya milimita 50 na tundu la f/8, kitu kilichoko mita tatu huwa na eneo lililo wazi lenye kina cha takriban mita 1.8. Kitu hicho kikisogezwa hadi nusu mita, kina hicho hubaki takriban sentimita nne.

Ukungu uliozidi ndio unaomwambia mtazamaji kwamba kilicho mbele yake ni kidogo. Anayetaka sanamu ionekane na kimo cha mtu hana budi kulibana tundu la lenzi, kurudi nyuma kidogo na kuikata picha baadaye. Hapa simu ya mkononi ina nafuu, kwa kuwa kihisio chake kidogo huacha sehemu kubwa zaidi ya picha ikiwa wazi. Popote ukungu utakapoangukia, macho ya sanamu ndiyo yanayopaswa kuwa makali.

La tatu ni mwanga. Katika miji iliyo karibu na Ikweta, kama Dar es Salaam na Nairobi, jua la saa 6 mchana huwa karibu na utosi na huacha nyuso za sanamu gizani. Mwanga wa saa moja baada ya jua kuchomoza, na ule wa saa moja kabla ya kuzama, huja kwa ubavu, huchora mikunjo ya ardhi na kuirefusha hata changarawe. Ndani ya nyumba, dirisha moja linatosha. Karatasi nyeupe ya A4 ikisimamishwa upande wa kivuli huurudisha mwanga usoni. Kwa sanamu ya sentimita nne, karatasi hiyo ni sawa na ukuta mweupe wa zaidi ya mita 12 uliosimamishwa kando ya mtu mzima.

La nne ni kuchagua vitu vinavyokubali kupunguzwa. Maji, moto na moshi havikubali. Tone la maji lenye upana wa milimita nne likikaa juu ya kichwa cha sanamu ya sentimita nne ni sawa na mtu wa sentimita 170 kubeba tone la sentimita 17. Ndiyo maana wazoefu huweka kipande cha kioo au plastiki inayong'aa mahali pa ziwa. Mchanga laini uliochekechwa hufaa kuliko kokoto, unga wa ngano huwa theluji, na vijiti vyembamba vyenye matawi huwa miti iliyopukutika. Vumbi na alama za vidole, ambazo jicho halizioni, hutokea wazi pichani. Brashi laini ya rangi huziondoa.

La tano, na ndilo gumu zaidi, ni kisa. Sanamu iliyosimama wima ikiikodolea kamera macho haisemi kitu. Ikiinamishwa kidogo mbele huwa inatembea. Ikigeuzwa kichwa huwa imesikia sauti. Nta kidogo chini ya mguu huishikilia katika mkao ambao peke yake isingeuweza. Ni vyema tukio lichaguliwe pale linapokaribia kutokea au mara tu baada ya kutokea. Mlango uliofunguliwa nusu humfanya mtazamaji akisie kilicho nyuma yake.

Uaminifu na sheria

Uwezo wa kuvikuza vitu vidogo huja na wajibu. Levinthal hakuficha kwamba askari wake walikuwa wa plastiki, na Slinkachu huonyesha ukubwa halisi katika picha ya pili. Picha ya Loch Ness ilitumia ufundi uleule, lakini maelezo yake yalikuwa ya uongo. Tofauti kati ya sanaa na udanganyifu, kwa hiyo, haimo katika kamera bali katika maneno yanayoandamana na picha. Anayeitoa picha ya kichezeo kwa umma hupaswa kusema kuwa ni ya kichezeo, hasa inapohusu vita, ajali au maafa.

Suala la haki za watengenezaji nalo limewahi kuamuliwa. Mwaka 1997 mpiga picha wa Marekani, Tom Forsythe, alitengeneza mfululizo wa picha 78 unaomwonyesha Barbie akiwa uchi ndani ya vyombo vya jikoni, ikiwamo mashine ya kusagia matunda, kwa lengo la kuukosoa urembo unaouzwa kama bidhaa. Kampuni ya Mattel, inayotengeneza mwanasesere huyo, ilimshtaki mwaka 1999. Desemba 2003 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimpa ushindi Forsythe, ikieleza kuwa matumizi yake yalikuwa halali, na mwaka 2004 Mattel iliamriwa kulipa gharama za kesi zilizozidi dola milioni 1.8. Picha zote 78 zilikuwa zimemwingizia msanii huyo dola 3,659 tu.

Uamuzi huo ni wa Marekani, na kila nchi ina sheria zake za hakimiliki. Anayetaka kuuza picha zenye vichezeo vya kampuni inayojulikana hana budi kuulizia sheria ya mahali alipo kabla ya kuzipeleka sokoni.

Sanamu zinapobeba yasiyosemeka

Usiku wa Aprili 8, 2000, Mmarekani Mark Hogancamp alishambuliwa na wanaume watano nje ya baa moja huko Kingston, jimbo la New York. Alipoteza fahamu kwa siku tisa. Alipozinduka hakuwa na kumbukumbu ya sehemu kubwa ya maisha yake, na alilazimika kujifunza upya kula, kutembea na kuandika. Fedha za matibabu zilipokwisha, alijitafutia tiba yake mwenyewe nyumbani.

Katika uwanja wa nyumba yake alijenga kijiji cha kubuni cha Ubelgiji wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akakiita Marwencol. Wakazi wake ni wanasesere wa kipimo cha moja kwa sita, wenye urefu wa takriban sentimita 30. Mmoja wao ni yeye mwenyewe. Wengine ni marafiki zake, na wengine ni waliomshambulia, waliovishwa sare za askari wa Hitler. Vidole vilivyokuwa vikitetemeka vilipata mazoezi kwa kuvalisha nguo ndogo na kufunga vifungo, na kamera ikampa njia ya kukisimulia kisa ambacho akili yake haikuweza kukikumbuka kwa utaratibu.

Picha zake zilionyeshwa katika jumba la sanaa jijini New York, zikatengenezewa filamu ya maisha halisi mwaka 2010, na mwaka 2018 mwongozaji Robert Zemeckis akatoa filamu ya maigizo iliyotokana na maisha yake. Katika picha hizo, kamera haiwatazami wanasesere kutoka juu. Imewekwa kifuani mwao, kana kwamba mpiga picha naye anaishi kijijini humo.

Mpiga picha mwingine wa Marekani, Brian McCarty, aliipeleka kazi ya namna hii kwa watoto wanaoishi katika maeneo ya vita, wakiwamo wa Gaza, Ukingo wa Magharibi na Israel. Chini ya uangalizi wa wataalamu wa tiba kwa njia ya sanaa, watoto huchora na kueleza yale waliyoyaona. McCarty hutafuta vichezeo vinavyouzwa katika maeneo hayohayo, kisha huliunda upya tukio lililochorwa na kulipiga picha.

Katika picha hizo helikopta ya plastiki huning'inia juu ya nyumba, na askari asiye na uso husimama mbele ya mwanasesere mdogo. Lenzi huwa chini kabisa, kwa kimo cha yule mdogo. Mtu mzima anayezitazama hulazimika kulitazama tukio kutoka mahali ambapo mtoto alikuwa amesimama lilipotokea.